Exilda wa Kwanza, Exilda wa Pili

6 Septemba 1971

Naliomba radhi daftari hili. Marehemu mke wangu Léocadie alilinunua kwa ajili ya kuandika mapishi ya jamu, akajaza ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo nimeuacha kama ulivyo, nami naanzia wa pili. Léocadie alifariki tarehe 11 Februari mwaka huu.

Mabruda walionifundisha shuleni walitaka kila mtu anayeshika kalamu aeleze kwanza kwa nini anaishika. Sababu yangu ni hii. Julai ijayo ukoo wetu wote utakusanyika hapa kisiwani, karibu na Québec, na ndugu walioko mjini wameniomba, kwa kuwa ndimi mkubwa kuliko wote waliobaki, nifuatilie majina yetu hadi kwa mtu wa kwanza aliyevuka bahari kutoka Ufaransa. Alikuwa askari, Mathurin Nolin. Wenzake kikosini walimbandika jina la utani Belhumeur, kwa sababu alikuwa mchangamfu. Kasisi wa zamani zile aliandika yote mawili: Nolin aitwaye Belhumeur. Tangu hapo wengine wamejiita Nolin, wengine Belhumeur, na nimeshaona ndugu wa tumbo moja waliozikwa chini ya majina mawili mbalimbali. Kazi yangu ni kuwarudisha pamoja. Mimi ni Théodule Nolin, nina miaka sabini na minne, na macho yangu bado yanaona maandishi madogo mchana.

Matufaha ya mapema yameanza kuchumwa. Siku hizi shamba linaendeshwa na Rosaire, mtoto wa dada yangu.

9 Septemba

Mvua kutwa. Hakuna aliyepanda ngazi kuchuma.

13 Septemba

Leo nimeshinda nyumbani kwa mapadri. Padri Gendreau, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, ameniwekea meza karibu na jiko na kuniachia vitabu vya ubatizo na mazishi kwa imani ambayo sistahili.

Nimepata jambo zuri. Mjukuu wa Mathurin alikuwa na binti aliyeitwa Geneviève, aliyekufa akiwa na miezi saba. Mwaka uliofuata akabatizwa Geneviève mwingine, naye akafa. Kisha wa tatu, aliyeolewa na binamu yake wa ukoo huohuo na kuishi hadi miaka themanini na mmoja, na sisi sote tumetoka kwake. Nilimwonyesha Padri kwa furaha. Nilimweleza kwamba kwetu jina halizikwi pamoja na mtoto. Anayezaliwa baada yake ndiye anayeliinua. Babu yangu alikuwa Théodule wa pili katika nyumba yao. Mimi mwenyewe nimeishika desturi hiyo, kwani binti yetu wa kwanza, Exilda, alichukuliwa na dondakoo Novemba 1928 akiwa na miaka minne na nusu, na aliyezaliwa Januari 1930 nilimpa jina hilohilo.

Padri aliuliza mama yake alisemaje. Nikamjibu kwamba enzi zile mama aliyejifungua alibaki kitandani, na mtoto alipelekwa kanisani siku hiyohiyo au kesho yake na baba pamoja na wasimamizi wa ubatizo. Padri alitikisa kichwa, akaongeza kuni jikoni. Nilipokuwa narudi nyumbani nilitambua kwamba sikuwa nimejibu alichoniuliza.

17 Septemba

Barua kutoka kwa Exilda. Yuko Montréal mwaka wa ishirini na mbili sasa, anapokea simu katika hospitali kubwa. Hajafika hapa tangu mazishi. Nilikuwa nimempelekea karatasi ya ukoo ili aitie saini mahali pake. Nainakili barua yake, kwa kuwa naogopa nikiieleza kwa maneno yangu nitailainisha.

"Baba mpendwa. Karatasi yako imefika. Siwezi kuisaini bado, unisamehe. Tangu tumzike Mama nimekuwa nikijaribu kuisikia sauti yake ikiniita kwa jina langu, na siipati. Kadogo wangu, ndiyo. Binti, ndiyo. Wewe hapo, njoo. Lakini Exilda, sikumbuki hata mara moja. Jina hilo nimelisoma juu ya jiwe makaburini tangu nilipojua kusoma, mkaniambia ni dada yako, basi, na mazungumzo yakaisha. Nataka kujua jambo moja. Mama alikuwa amenichagulia jina lingine? Ukilijua, niambie, nitakuja. Kama hulijui, tafadhali usiniandikie habari za matufaha."

Nilikuwa nimeanza kumwandikia habari za matufaha.

18 Septemba

Sijajibu. Nimepitia miaka arobaini na mmoja nikimsikiliza Léocadie mezani, uani, ngazini kwenye miti, akimwita mtoto. Exilda anasema kweli. Sikuwahi kugundua. Naandika hivi kwa aibu, kwa maana nilijihesabu kuwa mume msikivu.

21 Septemba

Leo, nikiwa juu ya ngazi, siku ya ubatizo ilinijia. Ilikuwa tarehe 20 Januari. Tulikwenda kwa sleji, farasi akikokota kwenye theluji iliyofika magotini pake. Mama wa ubatizo alikuwa Odélie, dada yake Léocadie. Alimbeba mtoto ndani ya koti lake mwenyewe, asionekane hata pua. Pale kwenye ngazi za kanisa, kabla hatujaingia, Odélie aliniambia jambo kutoka kwa Léocadie kuhusu jina. Nakumbuka mvuke uliotoka mdomoni mwake. Nakumbuka jibu langu: "Kwetu tunainua jina, shemeji." Kisha nikamfungulia mlango.

Alichoniambia sikikumbuki.

Basi jina lilikuwapo. Nililetewa kutoka kitandani kwa mzazi, kwenye baridi ile, nikaliacha nje kwenye ngazi.

22 Septemba

Nimemwomba Padri kitabu cha 1930. Ukurasa ni huu: Marie Exilda, binti halali wa Théodule Nolin, mkulima, na Léocadie Chabot, baba ametia saini, na mwishoni, kwa mwandiko wa paroko wa wakati ule, "mama wa ubatizo ametangaza kuwa hajui kutia saini."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi mpaka Padri akaniuliza kama naumwa. Odélie Chabot alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka kumi na mmoja. Nusu ya parokia hii iliandika herufi zake za kwanza kwa mkono wake.

26 Septemba

Rosaire amenivusha daraja hadi Québec, kwenye nyumba ya masista anakoishi Odélie. Ana miaka themanini na mitatu. Miguu imemwacha, ulimi haujamwacha.

Aliponiona mlangoni alisema nimenyooka kama mshumaa wa Pasaka, akauliza nani amekufa tena. Tukazungumza juu ya Léocadie, juu ya supu ya masista ambayo anasema ni maji yaliyopita karibu na kunde, juu ya magoti. Mwishowe nilimwomba radhi kwa usumbufu na nikamweleza barua ya Exilda. Nilimwomba aniambie jina alilotumwa.

Aliacha kuyumbisha kiti chake.

"Miaka arobaini na mmoja, Théodule. Hata posta haichelewi hivyo."

Nikasema najua, na kwamba sina cha kujitetea.

"Nilikuambia ukiwa umesimama mbele yangu, masikio yako mazima. Nenda ukalitafute humo kichwani mwako. Ukishindwa, uje. Lakini uje ukiwa umeshindwa kweli, si kwa adabu tu."

Nilipouliza kwa nini aliikataa kalamu ya paroko, aligeuza uso dirishani, akasema wakati wa kusali umefika. Ulikuwa umebaki muda wa saa nzima.

28 Septemba

Mvua, kisha jua. Matufaha mekundu yameanza kuanguka yenyewe.

1 Oktoba

Natafuta. Nimeanza na majina ya wanawake wa upande wa Léocadie: Alphonsine, Desneiges, Malvina, Rose-de-Lima. Kisha ya watakatifu wa mwezi wa Januari. Kisha ya wasichana waliosoma naye kwa masista. Nayatamka kwa sauti nikiwa juu ya ngazi, kwa sababu naona mdomo unaweza kukumbuka pale ambapo kichwa kimekataa. Navuna kwa mkono wa kulia, kiganja juu, nalizungusha tufaha litoke na kikonyo chake, na kwa kila tufaha jina moja.

Rosaire alikuwa kwenye mti wa pili. Alinisikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Mjomba, hao wanawake wote wanakuja kula mchana? Nimwambie mke wangu aongeze viazi?"

Wachumaji walicheka, nami nilicheka kidogo ili wasione haya. Mchana Rosaire aliniletea mkate na mafuta ya nguruwe, akaketi nami juu ya sanduku. Akaniambia kwa upole nisipande ngazi tena msimu huu. Nikamshukuru, nikapanda.

5 Oktoba

Mabata bukini weupe wamefika kwenye matope ya mto. Kelele zao zinasikika hadi jikoni.

8 Oktoba

Nimerudi kwenye vitabu, maana kazi ya ukoo nimeiahidi na naona aibu kuitupa. Lakini siwezi tena kuvisoma kama nilivyovisoma mwezi uliopita.

Nilimtafuta tena Geneviève wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Baba yupo mara zote tatu: "baba akiwapo, ametia saini." Wasimamizi wapo. Mkunga yupo. Mara moja hata fundi wa paa aliyekuwa akipita ameitwa awe shahidi. Mama ameandikwa jina lake tu, Barbe Turcot, na hayupo. Yuko nyumbani amelala. Mtu atarudi kutoka kanisani na kumwambia mtoto wake anaitwa nani.

Nilifunua mazishi. Kati ya Geneviève wa pili kuzikwa na wa tatu kubatizwa ni miezi kumi na mmoja. Nilijiuliza Barbe alisema nini sleji ilipoingia uani mara ya tatu. Kitabu hakisemi. Mimi nilimwita Geneviève wa tatu "wetu sote," na wale wawili niliwapita kama mtu anayepita mawe ya kuonyesha njia.

Nilimwomba Padri radhi kwa majibu yangu ya mwezi Septemba. Alisema hakumbuki nilijibu nini. Nadhani anakumbuka.

12 Oktoba

Jalidi ya kwanza. Tulichuma kuanzia saa nne, ilipoyeyuka. Majina mia moja na sitini hadi sasa. Hakuna lililogonga kumbukumbu yangu.

15 Oktoba

Jana nilidhani nimelipata. Blandine. Lilikuja lenyewe nilipokuwa navua viatu, na moyo ukanienda mbio. Leo asubuhi nikakumbuka: Blandine alikuwa ng'ombe wetu.

17 Oktoba

Nimekwenda kwa Odélie nikiwa nimeshindwa.

Sikumwomba radhi. Niliketi nikamwambia, "Nimeshindwa, shemeji. Nimetafuta kila mahali." Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama watoto ili ajue nani amesoma na nani amenakili. Kisha alisogeza kiti chake karibu na changu.

"Hukulipata kwa sababu halikuwapo," alisema. "Hakunipa jina."

Sikuelewa. Nilimwambia nakumbuka wazi kwamba alinipa ujumbe.

"Nilikupa ujumbe. Usiku ule Léocadie alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu ya kuchagua. Alinishika kifundo cha mkono, mpaka kesho yake alama ilikuwapo. Akaniambia, 'Mwambie Théodule atoe jina lolote atakalo, hata la mama yake. Ila asilitoe hilo. Hilo lina mwenyewe.' Nami nikakuambia maneno hayohayo, bila kupunguza."

Odélie hakunihurumia, na namshukuru kwa hilo.

"Ukaniinamia kidogo, ukanijibu vizuri sana, ukanifungulia mlango. Ulikuwa na adabu mno, Théodule. Mtu hakujua akushike wapi. Laiti ungenigombeza, ningekugombeza pia, na mtoto angebatizwa kesho yake kwa jina lingine."

Kisha akanieleza juu ya kalamu. Paroko alipomwelekezea, yeye alikunja mikono ndani ya koti akasema hatasaini. Paroko akaandika kwamba hajui. "Mimi, niliyemfundisha mpwa wake kuandika jina lake," alisema Odélie, na hapo ndipo sauti yake ilipotikisika, si mahali pengine popote.

Nilimuuliza Léocadie alipokeaje. Alisema walipomrudishia mtoto aliuliza nani, akaambiwa. Basi akageuka ukutani, akamnyonyesha akiwa ametazama ukuta.

Nakumbuka niliingia chumbani. Niliona mgongo wake nikadhani amelala. Nilitoka kwa kunyata ili nisimwamshe.

Nikiwa mlangoni nilimuuliza Odélie swali la mwisho, kwa nini Léocadie hakuniambia mwenyewe katika miaka yote hiyo.

"Alikuwa anangoja umuulize," alisema.

18 Oktoba

Sikutoka nje.

19 Oktoba

Leo nimefanya jambo ambalo lazima niliandike. Nilimwandikia Exilda kwamba jina limepatikana. Kwamba mama yake alikuwa amemchagulia jina la Aurore, na kwamba kosa lilikuwa langu. Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Lilikuwa jina zuri, na lingemfurahisha. Ana miaka arobaini na mmoja, hana mume wala mtoto, na ameomba kitu kimoja tu. Nani angeumia? Odélie angenyamaza, maana amenyamaza miaka yote hii.

Niliikunja barua, nikaitia kwenye bahasha, nikavaa koti. Nilifika hadi sanduku la posta lililo kwenye njia panda.

Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimesimama tena kwenye ngazi za kanisa, na kwamba kwa mara ya pili nilitaka kumpa mtoto yuleyule jina ambalo mama yake hakulisema. Nilirudi nyumbani. Barua imeingia jikoni kwenye moto.

20 Oktoba

Nimemwandikia mistari miwili. "Ninalo jibu. Si jibu unalolitarajia, na sithubutu kulitia kwenye karatasi."

23 Oktoba

Safu tatu zimebaki. Rosaire ananizuia kupanda. Nachambua matufaha nikiwa nimeketi, mazima huku, yaliyogongwa kule.

27 Oktoba

Exilda amejibu kwa simu iliyopigwa nyumbani kwa Rosaire. Atakuja Siku ya Watakatifu Wote.

Nimepiga deki jikoni. Nikapiga tena.

1 Novemba

Ni alasiri. Amelala kidogo katika chumba chake cha zamani, nami naandika upesi, kwa kuwa ameniagiza niandike leo.

Alifika kwa basi la asubuhi. Ana mvi ambazo hakuwa nazo Februari. Tulikwenda misa pamoja, kisha makaburini, kama kila mtu leo. Kaburi la Léocadie bado udongo wake haujatulia. Pembeni yake liko jiwe dogo, MARIE EXILDA NOLIN 1924–1928. Exilda alisimama mbele yake mikono mifukoni. Nilimtazama akisoma jina lake, na kwa mara ya kwanza tangu niliweke jiwe lile niliona nilichomfanyia: kila Novemba ya utoto wake nilimshika mkono nikamleta kusali mbele ya kaburi lenye jina lake.

Nyumbani nilipasha moto pai ya nyama aliyoileta mke wa Rosaire, lakini aliniambia, "Baba, sema kwanza, tule baadaye."

Nikasema. Nilimwambia yote kama Odélie alivyoniambia, pamoja na ukuta, pamoja na adabu yangu. Sikumwambia kwamba nilitaka kumdanganya. Kisha nikaona kuficha hilo ni kudanganya tena, nikamwambia na hilo.

Alizungusha uma mezani.

"Kwa hiyo mimi ni jina lolote," alisema.

Nilifungua mdomo kuomba radhi, akainua mkono kunizuia.

"Rudia alichosema Mama. Vilevile."

Nikarudia. Jina lolote atakalo. Ila asilitoe hilo. Hilo lina mwenyewe.

Alifunika uso kwa viganja. Alilia kama anavyolia mtu mzima aliyezoea kulia kazini, bila sauti. Kisha akajifuta kwa kitambaa cha mezani, akasema jambo ambalo mimi nisingelifikia hata kwa miaka mingine arobaini na mmoja.

"Basi hakuwa ananikataa mimi. Kila nilipoingia chumbani akaninyima lile jina, mimi nilidhani kuna kosa nililofanya. Alikuwa anamtunzia yule."

Alichukua kipande cha pai, akakirudisha. Akaniambia hajui kitu chochote kuhusu dada yake. Hajui alikuwa na nywele za rangi gani, wala alipenda nini. Nyumbani hapakuwa na picha, wala gauni, wala hadithi. "Nimebeba jina lake maisha yangu yote na sikuwahi kutambulishwa kwake," alisema. "Niambie habari zake, Baba. Kidogo tu. Nitatosheka."

Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi, maana hatimaye nilikuwa na kitu cha kumpa. Nilimwambia jinsi Exilda wetu wa kwanza alivyomlaza mwanasesere wake ndani ya pipa la unga, na Léocadie akamkuta alipokwenda kuchota wa chapati za ngano nyeusi.

Exilda alitabasamu kidogo. "Huyo ni mimi, Baba. Mwanasesere aliletwa na shangazi kutoka mji wa Lowell. Nilikuwa na miaka mitano."

Nikaomba radhi. Nikamweleza basi siku ile ya mavuno alipopotea, tukamtafuta hadi mtoni, akapatikana amelala ndani ya kikapu cha matufaha chini ya gunia.

"Ni mimi," alisema. Akageuza kiwiko anionyeshe kovu alilopata kwa ule mshipi wa chuma wa kikapu.

Nikasema, wimbo basi. Alikuwa na wimbo aliouimba kwa kuku, wenye maneno yasiyo na maana. Exilda aliuimba wote, polepole, hadi mwisho. Ulikuwa wake.

Nilitafuta tena. Nilitafuta kama nilivyotafuta jina mitini, ila mara hii kila nililolishika lilikuwa la huyu aliyeketi mbele yangu. Meno ya kwanza, yake. Gauni la buluu, lake. Nilijaribu kuuona uso wa yule mwingine na nikauona uso wa huyu. Miaka minne na nusu alikula mezani petu. Nilimbeba mwenyewe hadi kaburini, lile sanduku halikuwa zito kuliko kreti ya matufaha. Kisha nikachukua jina lake na kumpa mwingine, na kila kitu chake kikafuata jina, na mimi baba yake sikuona kikiondoka.

Nilimwambia Exilda hivyo. Nilimwambia, "Mwanangu, simpati. Nimempoteza." Na mimi pia nililia, jambo ambalo sikulifanya Februari kwa sababu watu walikuwa wengi.

Alizunguka meza, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani. Maji ya chai yalichemka hadi yakakauka.

Ndipo jambo moja lilipokuja, dogo, nami nikalisema bila matumaini. Nilisema kulikuwa na mtoto aliyeogopa kofia yangu nyeusi ya Jumapili. Nikirudi kutoka misani alikimbilia nyuma ya jiko na kupiga kelele, mpaka ikabidi niwe nafika mlangoni na kuivua, niishike nyuma ya mgongo, niingie kwa ubavu kama mwizi, niipitishe hadi sandukuni bila yeye kuiona. Kisha alitoka nyuma ya jiko na kuniuliza, kwa uzito mkubwa, "Umekuja peke yako?"

Nilingoja Exilda aseme ni yeye.

Mikono yake haikusogea mabegani pangu.

"Hilo si langu," alisema. "Kofia ile mimi niliichezea. Niliwahi kuwalaza vifaranga ndani yake, ukanichapa. Mimi sikuiogopa hata siku moja."

Nikamuuliza ana hakika. Akasema ana hakika.

"Huyo ni yeye, Baba. Liandike leo, kabla hujanipa na hilo."

Kwa hiyo naandika.

Marie Exilda Nolin, wa kwanza. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1924, akafariki tarehe 14 Novemba 1928. Mama yake, Léocadie Chabot, alitaka jina hili libaki lake. Aliogopa kofia nyeusi ya baba yake. Alipoona haipo, alitoka nyuma ya jiko akauliza, "Umekuja peke yako?"